Plau Mlangoni

Jioni ya leo tunakwenda mashariki mwa Uingereza, katika mji mdogo wa Whittlesey, kilomita chache kutoka Peterborough. Mwezi ni Januari. Jua hutoka kwenye saa mbili asubuhi, na ikifika saa kumi na nusu jioni limeshazama. Ardhi ya huko ni tambarare tupu, nyeusi ti. Ilikuwa kinamasi mpaka ilipokaushwa kwa mifereji kuanzia karne ya 17. Upepo unaotoka Bahari ya Kaskazini haukuti kilima cha kuuzuia.

Katikati ya barabara anakuja mtu ambaye huoni uso wake wala mikono yake. Amefunikwa mabua ya ngano, yaliyofungwa matita kwa matita kuanzia vifundoni hadi utosini, na juu ya kichwa yamesimama kama pia iliyopinduliwa. Ndani kuna fremu ya chuma inayokaa mabegani kuushikilia mzigo huo, ambao uzito wake unafika kilo 30. Anaongozwa kwa kamba, anayumba, anazunguka, anachezesha mabega, na kila akijitikisa mabua makavu yanachakarika mpaka unayasikia katikati ya ngoma na vinanda. Nyuma yake wamefuatana wachezaji zaidi ya 200, buti zikigonga lami kwa pamoja. Huyo ndiye Dubu wa Mabua. Jumamosi wanacheza naye mji mzima, kutoka baa moja hadi nyingine. Jumapili wanamchoma moto, bila mtu ndani, na mwaka unaofuata wanasuka mwingine kwa mabua ya mavuno mapya.

Wageni wanaokwenda kumtazama hupenda kuambiwa kwamba hiyo ni dini ya kale ya kipagani, kwamba watu wa zamani walikuwa wakiiamsha ardhi iliyolala. Ni maelezo matamu, nami naelewa kwa nini yanapendwa. Lakini mwanahistoria Ronald Hutton alizipekua kumbukumbu za parokia, za mahakama na za magazeti, akayatoa aliyoyaona katika kitabu chake The Stations of the Sun cha mwaka 1996, na nyingi za mila kama hii hazikuonyesha mizizi ya aina hiyo. Kinachojitokeza kwenye kumbukumbu ni jambo la karibu zaidi na maisha: vibarua wa shamba wasio na kazi, katikati ya baridi, wakigonga milango ya watu wenye uwezo.

Ndiyo maana nataka tuzungumze juu yake. Naona mila hizi zinasimuliwa upande mmoja tu, upande wa nyimbo na mavazi, huku jambo lililozizaa likiachwa nje ya mlango. Jambo hilo ni ujira.

Tuanze na kazi yenyewe. Kibarua wa shamba katika Uingereza ya zamani hakuwa na mshahara wa mwezi kama tunavyoujua leo. Wengi walilipwa kwa siku au kwa wiki, na siku ambayo ardhi imeganda plau haliingii, na plau lisipoingia hakuna malipo. Kulikuwa na kazi moja kubwa iliyowaokoa watu wakati wa baridi, nayo ni kupura ngano. Mavuno ya Agosti yaliwekwa ghalani, kisha kuanzia Novemba hadi Februari au Machi wanaume walisimama kwenye sakafu ya ghala wakiyapiga masuke kwa fimbo za kupuria, siku nzima, vumbi likijaa kifuani. Ilikuwa kazi ngumu yenye malipo haba, lakini iliweka chungu mekoni mpaka majira ya kuchipua.

Krismasi ilikuwa na siku zake 12 za mapumziko, zikiishia Epifania, tarehe 6 Januari. Jumatatu ya kwanza baada ya hapo, wakulima walirudi kwenye plau. Siku hiyo ikaitwa Jumatatu ya Plau, na Jumapili iliyoitangulia ikawa Jumapili ya Plau. Katika karne ya 16 Thomas Tusser, mkulima aliyeandika mafunzo ya kilimo kwa mashairi, aliitaja miongoni mwa sikukuu za watu wa plau. Kabla ya hapo, katika makanisa mengi ya mashariki, vyama vya wakulima viliweka mshumaa uliowaka kwa ajili ya plau, na vijana walizunguka kijijini kukusanya fedha za kuulipia. Mwaka 1538 serikali ya Mfalme Henry VIII, ikiwa katikati ya mageuzi ya kanisa, ikapiga marufuku mishumaa ya namna hiyo. Mshumaa ukazimwa, lakini kuzunguka hakukukoma. Fedha zilizokuwa zikienda kanisani zikaanza kuingia mifukoni mwa wale waliozikusanya.

Hebu nieleze walivyofanya. Vijana walijifunga kamba wao wenyewe mahali pa farasi au ng'ombe, wakaliburuta plau kijiji kizima. Walijipaka masizi usoni. Mmoja alivaa nguo za kike, mwingine ngozi na mkia, mwingine akashika kibofu cha nguruwe akiwapiga nacho watoto. Walifika mlangoni kwa mwenye shamba, kwa kasisi, kwa mwenye duka, wakacheza, wakadai fedha, nyama au bia. Aliyetoa alipigiwa vigelegele. Aliyekataa, plau lilichimba mbele ya mlango wake, likageuza changarawe na majani aliyoyatunza, likaacha mfereji mrefu hadi kizingitini.

Fikirini maana ya mfereji ule. Mwaka mzima mtu huyu amelima mistari iliyonyooka kwenye shamba la tajiri, kwa ujira wa kijungujiko. Siku moja tu anauchimba mstari huo huo pale ambapo tajiri hautaki. Alikuwa anamwonyesha chombo kinachomlisha na mikono inayokiendesha. Na masizi usoni yalikuwa na kazi yake pia, maana kesho yake asubuhi kibarua huyo huyo atakwenda kuomba kazi kwa mtu aliyemtisha jana. Mwenye shamba angeweza kukisia, lakini hangeweza kuapa mahakamani kwamba alimtambua fulani bin fulani.

Huko Lincolnshire na Nottinghamshire waliongeza mchezo wa kuigiza. Ndani ya jiko la mwenye nyumba anaingia askari anayeandikisha vijana jeshini, bibi anayemkataa mkulima, mzee anayepigwa na kufa, na daktari tapeli anayejisifu kwa safari zake kisha anamfufua marehemu kwa tone moja la dawa. Dakika kumi, kumi na tano, na bakuli linapitishwa. Katika kijiji cha Goathland, Yorkshire, wanacheza kwa panga ndefu, kila mmoja akishika ncha ya upanga wa mwenzake mpaka panga zote zinafungamana katikati kama nyota.

Kisha ikaja mashine. Kuelekea mwishoni mwa karne ya 18 mashine za kupuria zilianza kuenea, na kazi iliyowapa watu mkate wa miezi minne ikawa inamalizika kwa siku chache. Ardhi za kijiji, ambako maskini alikuwa akilisha bata wake au kuokota kuni, zilikuwa zimeshazungushiwa ua na kumilikishwa wenye uwezo. Mwezi Agosti 1830, huko Kent, vibarua wakaanza kuvunja mashine za kupuria usiku, na baridi ilipoingia moto ukasambaa kaunti hadi kaunti. Karibu watu 2,000 walifikishwa mahakamani. Kumi na tisa walinyongwa, na karibu 500 walipakiwa melini kwenda uhamishoni Australia, wengi wakiwaacha wake na watoto ambao hawakuwaona tena.

Naleta habari hii katika mazungumzo ya mila kwa makusudi. Plau lililoburutwa mlangoni mwezi Januari na nyundo iliyovunja mashine mwezi Novemba zilishikwa na watu wa tabaka moja, na wote walikuwa wanauliza swali moja: tutakula nini mpaka majira ya kuchipua? Mkono mtupu haulambwi, na wao mikono yao ilikuwa mitupu katikati ya nchi iliyokuwa tajiri kuliko nyingi duniani.

Miaka 42 baadaye swali hilo lilipata chombo kipya. Jioni ya tarehe 7 Februari 1872, katika kijiji cha Wellesbourne, Warwickshire, mkata ua na mhubiri wa Kimethodisti aitwaye Joseph Arch alisimama chini ya mti wa chestnut kuhutubia. Alitarajia watu wachache. Wakaja mamia, wamesimama gizani kwenye baridi, taa zimetundikwa kwenye fito za maharage. Kabla mwaka haujafika nusu chama cha taifa cha vibarua wa mashamba kilikuwa kimeundwa, na Arch baadaye akaingia Bungeni. Mimi naamini hapo ndipo dai lilipohama. Kibarua mwenye kadi ya chama hakuhitaji tena kupaka masizi ili aombe nyongeza, na mwenye shamba akajua kwamba atasikia madai mwaka mzima, si Jumatatu moja ya Januari.

Plau la kuburutwa likaanza kuonekana kero. Shule, kanisa na polisi wote walilitazama kwa jicho baya. Kule Whittlesey, mwaka 1909, ofisa mmoja wa polisi alimpiga marufuku Dubu wa Mabua kwa hoja kwamba ni njia ya kuombaomba barabarani. Dubu akaishia hapo. Na kwa kweli ofisa yule aliona kitu sahihi, ilikuwa kuomba kweli. Hakujiuliza tu kwa nini mtu mzima aliyelima mwaka mzima analazimika kujifunga mabua apate chakula cha Januari.

Hata ule ufufuo wa ngoma za jadi za Kiingereza ulianzia kwenye baridi na ukosefu wa kazi. Tarehe 26 Desemba 1899, mwalimu wa muziki Cecil Sharp alikuwa nyumbani kwa mama mkwe wake huko Headington, karibu na Oxford, akaona wanaume wanakuja wamevaa nguo nyeupe na kengele miguuni. Ngoma yao kwa desturi ilikuwa ya majira ya kiangazi, lakini baridi ilikuwa imesimamisha kazi za ujenzi, nao walihitaji shilingi mbili tatu. Mpigaji kinanda wao, fundi uashi kijana aitwaye William Kimber, kesho yake alimpigia Sharp zile nyimbo moja baada ya nyingine naye akaziandika. Kutoka hapo likajengwa vuguvugu zima la kukusanya nyimbo na ngoma za vijijini, na mwaka 1911 kikaundwa chama cha ngoma za kienyeji cha Uingereza. Vitabu vinapenda kutaja nyimbo zilizoandikwa siku ile. Mimi nawakumbuka pia waashi waliokosa kazi.

Whittlesey walimrudisha dubu wao mwaka 1980. Walikuwa wanachama wa jumuiya ya mji, watu waliopenda historia ya kwao, na tangu hapo tamasha limekua likijaza mji mwishoni mwa wiki moja ya Januari. Mahali pengine makanisa yameirudisha Jumapili ya Plau: plau linaletwa mbele ya madhabahu, linaombewa pamoja na mbegu na watu wa kijiji. Fedha zinazokusanywa siku hizi, karibu zote, zinakwenda kwenye misaada: hospitali za wagonjwa mahututi, mashua za uokoaji, shule. Ni jambo jema. Lakini mnaona kilichobadilika. Aliyekuwa akiomba kwa ajili ya tumbo lake sasa ni mwalimu, mhasibu, fundi kompyuta, anayeomba kwa ajili ya mwingine. Mwenye shamba amepungua mlangoni, na kibarua amepungua barabarani.

Sasa twende magharibi, Somerset, Devon na Herefordshire, nchi ya matufaha, maana huko naona ufufuo wenye mizizi zaidi, na naomba nikae hapo kwa muda.

Sherehe yao inaitwa wassail. Inafanyika usiku, kwenye shamba la matufaha, miti ikiwa haina hata jani moja. Mahali kama Carhampton, Somerset, bado wanashika tarehe 17 Januari, na tarehe hiyo ina kisa chake. Mwaka 1752 Uingereza ilibadili kalenda. Watu walilala Jumatano tarehe 2 Septemba, wakaamka Alhamisi tarehe 14. Siku 11 zikatoweka. Serikali ilihesabu upya, lakini wakulima wa matufaha walisema miti haijui sheria ya Bunge, wakaendelea kuadhimisha Epifania yao pale ilipokuwa zamani. Januari 6 ukiiongezea siku 11 unapata 17, na ndivyo wanavyofanya hadi leo.

Wanakusanyika chini ya mti mmoja, kwa kawaida mkubwa au mkongwe kuliko yote. Kuna moto umewashwa, kuna mienge. Pombe ya matufaha ya moto, yenye sukari na viungo, inapitishwa kwenye bakuli la mbao. Wanaimwaga kwenye mizizi. Kisha mtoto ananyanyuliwa mabegani, anachomeka kwenye matawi slesi za mkate wa kuchoma zilizoloweshwa katika pombe hiyo, chakula cha ndege mdogo mwenye kifua chekundu ambaye huachwa nyuma wengine wakihamia kwenye joto. Wanaimba kuutakia mti mzao wa magunia na vikapu. Mwisho, wanaume wanaelekeza bunduki za marisau juu, kupitia matawini, wanafyatua kwa pamoja, na watu wote wanapiga masufuria na kupayuka kadiri ya pumzi zao. Moshi wa baruti unabaki umening'inia chini ya matawi, kwa sababu usiku wa baridi kali hewa haitembei.

Kumbukumbu ya kwanza tuliyonayo ya vijana kuzunguka mashamba ya matunda kwa ajili hiyo inatoka Fordwich, Kent, mwaka 1585. Mshairi Robert Herrick, aliyekuwa kasisi Devon, aliitaja desturi hiyo katika diwani yake ya mwaka 1648. Na hapa pia ujira haukuwa mbali. Katika kaunti hizo, kwa muda mrefu, sehemu ya malipo ya kibarua ilikuwa pombe yenyewe ya matufaha. Alipewa lita mbili kwa siku, na wakati wa mavuno zaidi, na mwenye shamba akazihesabu kama mshahara. Wengine walianza kunywa malipo hayo wakiwa watoto. Sheria ya mwaka 1887 ndiyo iliyokataza kuwalipa wakulima kwa kileo. Kwa hiyo kibarua aliyemwagia mti kikombe usiku wa wassail alikuwa anaumwagia mti mshahara wake.

Karne ya 20 ilikaribia kuyamaliza mashamba hayo. Kituo cha utafiti cha East Malling, Kent, kilitoa mashina mafupi ya kubebeshea, miti midogo inayozaa baada ya miaka michache na kuchumwa bila ngazi. Miti mikubwa ya zamani, inayochukua miaka zaidi ya kumi mpaka izae vizuri, ikaonekana hasara. Ikang'olewa. Pengine pakapandwa ngano, pengine pakajengwa nyumba. Shirika la uhifadhi la National Trust lilitangaza mwaka 2022 kwamba tangu 1900 England na Wales zimepoteza asilimia 81 ya mashamba ya matunda ya mtindo wa jadi. Na tufaha lina tabia moja ambayo wasiolilima hawaijui: ukipanda mbegu yake hupati tunda lile lile. Aina yoyote, Kingston Black au Dabinett, inaendelea kuishi kwa njia moja tu, kukata kikonyo cha mti uliopo na kukibebesha kwenye shina lingine. Mti wa mwisho wa aina fulani ukianguka bila mtu kuchukua kikonyo, aina hiyo imekwisha duniani, na hakuna fedha ya kuirudisha.

Mwaka 1990 shirika dogo la Common Ground lilianzisha Siku ya Tufaha, tarehe 21 Oktoba, katika soko la zamani la Covent Garden, London, na likaanza kuwahimiza watu wa vijiji na mitaa waanzishe mashamba ya pamoja ya matunda. Hapo wassail ikapata pumzi mpya. Katika kijiji cha Whimple, Devon, kiwanda kikubwa cha pombe ya matufaha cha Whiteways kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Miaka michache baadaye wanakijiji waliirudisha wassail yao. Kiwanda kilikuwa kimewapa kazi, na kilipoondoka walibaki na miti na kumbukumbu, wakashika hizo.

Nawaheshimu sana watu hawa, na nitawaambia kwa nini. Januari na Februari, wakati mti umelala, ndiyo miezi ya kupogoa matawi na kukata vikonyo vya kubebesha. Mtu anakata kijiti cha mwaka uliopita, kinene kama penseli, anakifunga, anaandika jina la aina, anakifukia kwenye mchanga wenye unyevu upande wa ukuta usiopata jua, akisubiri Machi. Katika mashamba ya jamii yanayoendeshwa vizuri, waliokuja usiku kuimba wanaalikwa kurudi mchana kushika mkasi na msumeno. Anayefundishwa kubebesha leo ataokoa aina moja au mbili. Hapo mila inafanya kazi ya shamba, jambo ambalo ndilo lililoizaa. Usiku wa fataki na tiketi katika baa ya mjini, pasipo na mti wowote wa kutunzwa, unafurahisha, lakini siuweki kwenye mizani moja.

Kuna jambo jingine siwezi kulipita, hasa mimi Mwafrika ninayezungumza na Waafrika. Yale masizi usoni. Vikundi vilivyofufuliwa katika karne ya 20 vilirudi na nyuso nyeusi, na vilipoulizwa vikajibu kwamba ni kujificha tu kwa vibarua wa zamani. Jibu hilo lina ukweli, nimeshalieleza. Lakini halimalizi hadithi. Mwaka 1836 mwigizaji Mmarekani Thomas Rice alifika London akiwa amejipaka weusi, akicheza kuwakejeli watumwa, na umati ukampenda. Kuanzia hapo mtindo ule ulienea hadi vijijini, ukachanganyika na ngoma za baridi. Kule Padstow, bandari ya Cornwall, katika sikukuu yao ya Desemba 26 na Januari mosi ziliimbwa nyimbo zilizotoka moja kwa moja kwenye maonyesho hayo, na jina la zamani la siku hiyo lilikuwa la kutudhalilisha, limebadilishwa. Julai 2020, baada ya kuuawa kwa George Floyd huko Marekani, vyama vitatu vikuu vya wachezaji wa morris, ile ngoma ya kengele miguuni aliyoiona Sharp, vilitangaza kwa pamoja kuachana na rangi nyeusi ya uso mzima. Vikundi vingi vikahamia bluu, kijani, zambarau, au barakoa. Kundi moja la Bacup, Lancashire, lilikataa na kujitoa.

Mimi nasema walioiacha walifanya sawa, na walikuwa waaminifu zaidi kwa wazee wao kuliko waliogoma. Kibarua wa mwaka 1800 alitaka asitambuliwe na tajiri wake. Rangi yoyote ingemfaa, na alichukua masizi kwa sababu ndiyo yaliyokuwa mekoni. Uso wa bluu unaficha vile vile, na mtoto mweusi wa Peterborough anaweza kusimama kando ya barabara akacheka na wenzake bila kujiuliza kama yeye ndiye anayechekwa.

Nimalizie na wale wanaolima Uingereza leo. Bodi iliyokuwa ikipanga kima cha chini cha mishahara ya wakulima ilifutwa kwa upande wa England mwaka 2013. Scotland bado inayo yake. Matunda na mboga vinachumwa kwa sehemu kubwa na wageni, zamani kutoka Poland, Bulgaria na Romania, na sasa kwa wingi kutoka Asia ya Kati, Kyrgyzstan, Uzbekistan na Tajikistan. Wengi wao huja kwa viza ya msimu iliyoanzishwa 2019, isiyozidi miezi sita. Wanaishi kwenye karavani shambani, wanalipia nauli na viza wenyewe, wengine kwa kukopa, na msimu ukiisha wanaondoka. Jumatatu ya Plau ikifika, wengi waliochuma matufaha ya nchi hiyo wameshapanda ndege. Hawapo kugonga mlango wa mtu.

Ningependa kuona vikundi vya plau vikiwakumbuka hao. Bakuli linalopitishwa Januari lingeweza, mwaka mmoja tu kwa kuanzia, kwenda kwenye mashirika yanayowasaidia wafanyakazi wa msimu kudai malipo yao, na wale waliorudi mapema kwa ajili ya mavuno yajayo wangeweza kualikwa kuingia kwenye msafara, na ngoma zao. Wasikilizaji wetu mnaoishi Uingereza, mkiwa karibu na Somerset tarehe 17 Januari, au Whittlesey mwezi huo huo, nendeni, vaeni makoti mazito, na mkishaburudika waulizeni wenyeji fedha zinakwenda wapi na miti inatunzwa na nani. Watawajibu kwa furaha. Ni watu wanaopenda kuulizwa.